Mdogo wangu anataka kuvuka kwa njia ileile niliyopita mimi

BARUA

Shikamoo Anti,

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi. Nina miaka 33, nina mume na watoto wawili. Naandika usiku wenzangu wamelala, kwa hiyo ukikuta maneno yamerukana utanisamehe.

Nina mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wa mama, ana miaka 20. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, akakaa na mama Rombo mwaka mzima akifanya vibarua kwenye migomba ya watu. Nikamleta mjini nimfundishe kushona. Miezi mitano tu akasema mgongo unamuuma na wateja wanamdharau, akarudi kijijini. Sasa kuna mama mmoja wa jumuiya yetu kule, naomba nisimtaje, amemwambia atampatia kazi ya ndani Oman. Huyo mama si mtu wa kubabaisha. Anasoma matangazo kanisani, anaheshimika, na mabinti zake wawili waliokwenda Uarabuni wamemwezekea nyumba bati la msauzi. Pale kijijini mtu akiwa na swali lolote kuhusu Oman anaonyeshwa lile paa.

Mpango wenyewe ni huu. Wiki mbili baada ya Pasaka anachukuliwa na bodaboda kutoka Tarakea, anavushwa kwa njia ya panya, anapanda gari Loitokitok, upande wa Kenya, mpaka Nairobi. Pasipoti atatengenezewa hukohuko Nairobi na watu wa huyo mama. Mama yangu ameshapewa laki mbili na nusu za kumalizia choo, na choo kimeshapauliwa. Hela hiyo itakatwa kwenye mshahara wa mdogo wangu. Jina la mwajiri hakuna anayelijua. Nilipouliza nikaambiwa hayo yanajulikana mtu akishafika Nairobi.

Anti, mtu mwingine angesema wasiwasi wake mbele ya familia na mambo yangekwisha. Tatizo ni kwamba njia hiyo mimi niliipita.

Ilikuwa mwaka 2014, nina miaka 22. Ndugu wa baba alinipatia kazi ya kulea mtoto Nairobi. Tulikuwa wasichana wawili, pikipiki mbili, saa moja jioni giza linaingia. Ya mwenzangu ikatangulia. Yangu ikasimama katikati ya mahindi, dereva akasema mbele kuna doria, tungoje wapite. Hapakuwa na doria. Naomba niishie hapo, naamini umeelewa. Hadi leo sijui pale palikuwa Tanzania au Kenya, bikoni ya mpaka sikuiona. Kinachonisumbua zaidi, na sijui kwa nini, ni kwamba baada ya hapo alinimalizia safari yangu. Alinifikisha, akapokea hela yake kwa aliyekuwa ananisubiri, akaniambia, "Haya dada, safari njema."

Nairobi nilikaa miezi kumi na moja. Kadi yangu ya mpiga kura alikaa nayo mama mwenye nyumba. Nililipwa miezi minne tu. Nilipodai iliyobaki aliniambia kwa upole kabisa, huku anakatakata sukuma, "Twende polisi basi, ukawaambie uliingiaje Kenya." Sikudai tena. Nilirudi Krismasi nikamwambia mama kwamba Nairobi kuna baridi. Mama alinicheka, mtu wa Rombo anakimbia baridi!

Sijamwambia mtu yeyote. Nilipopata mimba ya kwanza na kupimwa kliniki nilikaa kwenye benchi natetemeka, mume wangu akadhani ni njaa, akaenda kuninunulia maandazi. Majibu yalitoka nikiwa salama. Nikasema moyoni basi, yameisha. Lakini pikipiki sipandi mpaka leo. Mume wangu anajua naogopa vumbi.

Nimejaribu kumkataza mdogo wangu bila kusema sababu. Alinijibu mbele ya mama, "Wewe ulirudi mikono mitupu kwa sababu hukuvumilia. Usitake wote tuwe kama wewe." Mama naye akasema nimwache mwenzangu ajaribu bahati yake.

Nikisema ukweli, naogopa. Mama ana presha. Mdogo wangu mdomo wake haufungi, siku tukigombana atalitoa sokoni. Mume wangu ni mtu mwema kwangu, lakini mwaka juzi binti wa jirani alipofanyiwa unyama akitoka kazini, yeye alisema, "Alikuwa anatafuta nini usiku?" Lile neno sijalisahau. Nikinyamaza, na mdogo wangu akapatwa na yaliyonipata, nitaishi vipi? Na kuna usiku najiuliza jambo baya zaidi: huenda namwonea wivu tu. Huenda yeye ana bahati ambayo mimi sikuwa nayo, nami nataka kuiziba.

Nifanyeje Anti? Pasaka haiko mbali.

Dada Mkubwa, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya pili nilikuwa kwenye daladala, na nilipofika pale dereva aliposema "safari njema" niliifunga, nikaangalia nje mpaka Kiboriloni. Kwa hiyo kabla ya ya mdogo wako naomba tukae kidogo na ya kwako, maana umeyaandika kama mtu anayetaja gharama ya kitu na siyo kama mtu anayedai haki yake.

Unasema hujui kwa nini ile sehemu ya kumaliziwa safari inakusumbua zaidi. Mimi nadhani inakusumbua kwa sababu yule mtu alijua kwamba huna pa kwenda. Hakukimbia. Alikuwa na uhakika kwamba msichana asiye na karatasi, aliyevuka gizani, hatasimama mbele ya askari wa upande wowote akafungua mdomo. Mama mwenye nyumba wa Nairobi naye alijua hivyohivyo, ndiyo maana aliweza kukwambia twende polisi huku anakata sukuma. Mmoja alikufanyia kwenye mahindi, mwingine jikoni, lakini wote wawili walikushika kwa kamba moja: uliingiaje? Na naona kamba hiyo bado umejifunga. Umeandika "njia hiyo mimi niliipita" kama mtu anayekiri. Ulikubali kupanda pikipiki. Hukukubali kingine chochote. Wala huhitaji kujua bikoni ilikuwa wapi ili uaminiwe.

Sasa, ulivyoliweka swali lako lina milango miwili tu: niseme yote, au ninyamaze. Nimeligeuza nikaona limebeba mambo ambayo huenda si kweli.

La kwanza, unaamini kwamba ukisema, mdogo wako atabaki. Inawezekana. Lakini nimepokea barua za kutosha kujua kwamba msichana wa miaka 20 aliyeona paa la msauzi anaweza kusikia habari kama yako, akalia na wewe, akakukumbatia, na Jumatatu akaondoka. Atajiambia zamani ilikuwa hivyo, au dereva wake ni mtu wa kanisani. Kama utasema kwa tegemeo kwamba maneno yako ndiyo yatamfunga miguu, na yeye akaenda, utaumia mara mbili. Siri yako ikitoka, naomba itoke kwa sababu wewe umetaka kuitua, siyo kama nauli ya kumnunua abaki.

La pili, unaamini kwamba zaidi ya siri hiyo huna cha kumwambia. Mwanangu, una miezi kumi na moja! Hebu angalia ulichoandika: kitambulisho kushikwa na mwajiri, mshahara wa miezi saba kupotea, kutishiwa polisi. Hayo unaweza kuyasema mezani leo, mama akiwepo, bila kutaja mahindi kabisa. Hadithi ya baridi ndiyo iliyokuponza. Mdogo wako anasema hukuvumilia kwa sababu hiyo ndiyo habari pekee uliyompa. Hajui kwamba ulidhulumiwa.

La tatu ni huyo mama wa jumuiya. Mimi simjui, na sitaki kumhukumu kwa barua. Inawezekana kabisa anaamini anasaidia, mabinti zake wakimtumia hela kila mwezi kwa nini asiamini? Lakini wema wa mtu wa kwanza haumlindi msafiri hata kidogo, kwa sababu yeye anaishia Tarakea. Baada yake kuna dereva, kuna anayepokea Loitokitok, kuna "watu wake" wa Nairobi, kuna wakala, kuna mwajiri asiye na jina. Kila mmoja anamkabidhi mwenzake binti na deni lake. Badala ya kujiuliza kama huyo mama ni mbaya au mzuri, ambalo litawagawa jumuiya nzima, uliza kilichopo kwenye mpango wake.

Nami nikiuangalia mpango huo, kinachonitia baridi zaidi kuliko hata bodaboda ni pasipoti ya Nairobi.

Pasipoti ya Tanzania inaombwa na mwenyewe, kwa namba yake ya NIDA na cheti cha kuzaliwa, uhamiaji wanampiga picha na kuchukua alama za vidole. Hakuna "watu" wa mtaani Nairobi wanaoweza kumtolea. Kwa hiyo kinachozungumzwa hapo, kwa akili ya kawaida, ni pasipoti ya kughushi au pasipoti ya taifa lisilo lake, pengine na jina lisilo lake. Hebu fikiri siku amefungiwa ndani Muscat, amepata simu ya kuazima. Tanzania ina ubalozi Muscat, ina Riyadh na Abu Dhabi, na ubalozi mdogo Dubai. Atawapigia aseme mimi ni mtoto wa Rombo. Wakiangalia karatasi, mtoto wa Rombo hayupo, yupo mtu mwingine kutoka nchi nyingine. Hata anayetaka kumsaidia ataanza kwanza kumtafuta yeye ni nani. Na huku nyumbani hakuna ofisi yenye mkataba wake, maana hakupita popote.

Nchi nyingi za Ghuba zina mfumo unaoitwa kafala, mfanyakazi wa ndani yuko chini ya mdhamini wake, ambaye ndiye mwajiri. Akiondoka nyumba ile bila ruhusa, yeye ndiye anayehesabiwa mtoro. Mwaka 2017 shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na karibu wote walisema mwajiri aliwachukulia pasipoti. Sisemi kila anayekwenda anateseka. Mabinti wa yule mama paa lao ni la kweli. Ila wao walikwenda kwa karatasi gani, na mkataba wao nani alikuwa nao? Hilo ni swali ambalo mdogo wako anaweza kumuuliza bila kumvunjia heshima. Tena ningependa azungumze na hao mabinti wenyewe kwa simu, mama yao akiwa hayupo.

Halafu laki mbili na nusu. Hapa nitakanyaga taratibu kwa sababu ya mama yako na presha yake. Yeye aliona ni msaada wa choo. Lakini hela aliyopewa mzazi ili mtoto aende, itakayokatwa kwa mtoto, ni kamba nyingine. Binti akifika akakuta kazi siyo ile aliyoambiwa, ataambiwa alipe kwanza, na kesho deni litakuwa limeongezewa nauli, chakula, na hiyo pasipoti. Sheria yetu ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, ya mwaka 2008, haitazami tu kama mtu alipanda gari kwa hiari yake. Inatazama alidanganywaje, unyonge wake ulitumiwaje, nani alilipwa ili akubali. Mimi si mwanasheria, na sisemi mama yako ana kosa. Nasema hiyo hela ikirudishwa kabla ya safari, hata kwa kuchangishana ndugu, mdogo wako atakuwa huru kusema ndiyo au hapana. Huo huenda ndio msaada mkubwa kuliko hotuba yoyote, na laki mbili na nusu kwa fundi cherehani najua ni nguo nyingi za kushona. Pengine kaka zenu, kama wapo, waguswe kidogo.

Niseme na la njia yenyewe. Mimi ni wa Rombo pia. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977 nilikuwa darasa la tano, na ulikaa umefungwa hadi 1983. Miaka hiyo kahawa ilivuka usiku, sabuni na sukari zikarudi, na mama yangu alikuwa na njia yake katikati ya migomba, najua ilipopita hadi leo. Mpaka ule umepita katikati ya ndugu na ndugu, mtu ana shangazi upande wa pili. Kwa hiyo sitaki kuzungumzia njia ya panya kama mtu wa mjini anayeshangaa. Lakini mama zetu walipita kwa miguu, kundi zima, wanajua kila mgomba ni wa nani, na ukipiga kelele anatoka mtu anayejua jina la baba yako. Mdogo wako anapelekwa peke yake nyuma ya mwanamume asiyemfahamu, na njia amechaguliwa na mwingine. Hapo ndipo wanawake wanapopatwa: kwenye kusubirishwa, kwenye "doria iko mbele", kwenye chumba cha kulala usiku mmoja kungoja gari.

Na inashangaza, kwa sababu njia ya wazi siyo mlima kama watu wanavyodhani. Tangu Julai 2010, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inampa Mtanzania kuingia Kenya bila viza, na akapewa kibali cha kukaa hadi miezi sita. Anahitaji hati ya kusafiria tu, pasipoti au hati ya dharura ya uhamiaji. Holili na Taveta sasa maafisa wa nchi mbili wanakaa mahali pamoja, Namanga hivyohivyo, unasimama mara moja unapita. Tarakea nako kuna uhamiaji. Nisikudanganye, kibali cha kutembelea si kibali cha kazi. Akifanya kazi Nairobi kwa kibali hicho, mwajiri bado ana cha kumtishia. Wapo pia waliopita na mihuri yote na bado wakadhulumiwa. Lakini aliyegongewa muhuri akiulizwa uliingiaje, ana jibu. Wewe mwenyewe unajua jibu hilo lingekuwa na thamani gani jikoni kwa yule mama wa Nairobi.

Basi kuna njia ya kati ambayo naona hujaigusa: usimkataze kwenda, mkatalie kwenda hivyo. Mwambie, sawa, mimi nakusaidia, twende tukaombe pasipoti pamoja, tutafute wakala aliyesajiliwa na wizara inayohusika na kazi, tupate mkataba wenye jina la mwajiri, mshahara na namba ya simu. Itachukua muda. Muda huo nao una kazi yake, maana mwenye kazi ya halali anaweza kungoja mwezi, na asiyeweza kungoja atakuwa amejieleza. Hatari yake ni kwamba mdogo wako anaweza kuona unamchelewesha kwa hila, au huyo mama akamwondosha haraka kabla hamjafika uhamiaji. Na upo uwezekano kwamba kila kitu kitakamilika vizuri, ataondoka, na wewe utabaki na hofu yako. Je, utaweza kumsindikiza kwa moyo mweupe? Sijui. Ni swali la kujiuliza mapema.

Kuhusu wivu, usijichape. Dada aliyerudi mikono mitupu kumwonea wivu anayeondoka ni jambo la kibinadamu, na linaweza kukaa kwenye moyo mmoja na hofu ya kweli. Ila sikiliza na upande wake. Ulimpa cherehani kwa sababu wewe unapenda cherehani. Yeye ulimuuliza anapenda nini? Ukimwambia abaki, abakie nini? Kibarua cha migomba? Nisingependa aone familia nzima imekesha kujadili safari yake na hakuna aliyekaa dakika kumi kujadili maisha yake hapa.

Turudi kwenye siri. Ukiamua kumwambia yeye peke yake, ana uwezekano wa kukuelewa kuliko unavyodhani, na ana uwezekano wa kuliropoka, wewe ndiye unayemjua mdomo wake. Unaweza kumwambia kwa kiasi, kwamba "kuna mwanamume alinidhuru njiani," ukaishia hapo. Hana haki ya kudai zaidi. Mume wako sidhani kwamba ni lazima ajue ili mdogo wako awe salama, hayo ni mambo mawili na umeyafunga kitanzi kimoja. Lile neno lake juu ya binti wa jirani lilikuwa baya, nami limenikera. Lakini watu wengi husema hivyo juu ya binti wa mtu, hawajui wanayemwambia amekaa nao chakula. Inawezekana akisikia kwako atabadilika. Inawezekana asibadilike, na wewe ndiye utakayelala naye chumba kimoja. Usijaribu hilo usiku wa hasira au wa pombe, wala usijaribu ukiwa huna mtu mwingine wa kukushika.

Ndiyo maana ningefurahi mtu wa kwanza kusikia kwa sauti yako awe wa nje ya familia. Hapo Moshi kuna KWIECO, shirika la wanawake wa Kilimanjaro linalotoa ushauri na msaada wa kisheria. Unaweza kwenda kama mtu anayetaka kuuliza habari za mdogo wake, na ukikaa kwenye kiti ukaona moyo umefunguka, ukaongeza lako. Ukitaka kujua kama bado kuna cha kufanya kisheria juu ya yule dereva, wao ndio wa kuwauliza, na kuuliza si kufungua kesi. Polisi nako kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Habari za mpango wa pasipoti zinaweza kupelekwa pale, ingawa kabla ya hapo fikiria kijiji kitakavyopokea, kwa sababu mama yako anaishi kule na wewe unaishi mjini.

Na kama mdogo wako ataondoka vyovyote vile, asiondoke mtupu. Namba yako aijue kwa kichwa, siyo kwenye simu peke yake, simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa. Picha za karatasi zake zibaki kwako. Awe na hela kidogo iliyoshonwa mahali ambapo fundi cherehani kama wewe unajua pa kuificha. Mwe na neno lenu la siri, akilisema kwenye simu katikati ya salamu ujue mambo si mazuri hata kama anacheka. Akiwa Kenya, namba 1195 ni ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, na Nairobi kuna shirika la HAART linaloshughulika na waliosafirishwa kiharamu. Kuna ubalozi wetu Nairobi na ubalozi mdogo Mombasa. Na lile ambalo hakuna aliyekwambia wewe mwaka 2014: mwanamke akibakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, na ya kuzuia mimba ndani ya siku tano. Aende hospitali hata kama hana muhuri. Hili unaweza kumwambia kama dada mkubwa yeyote anavyoweza kumwambia mdogo wake, bila yeye kujua umelitoa wapi.

Niandikie baada ya Pasaka, hata mistari miwili. Na kama itafika siku ya kwenda naye mpaka Tarakea au Holili kumsindikiza, pandeni basi. Mkishuka, wakikuzunguka wale vijana wa bodaboda wakisema ni hapo tu mama, nikupeleke, wewe tembea kwa miguu. Huhitaji kusema ni vumbi.